Deni, Karatasi na Kasho
Mazungumzo ya radio kwa familia za wahamishwa wa vita na kwa wakubwa wa mitaa

   

Leo tutazungumza juu ya deni. Labda mmoja wenu anajiuliza: kipindi hiki ni cha amani, deni linaingia wapi? Linaingia sana. Kaa katika barza yoyote ya Kivu ao ya Ituri, uhesabu magomvi yanayoletwa pale. Machache yanaanza na kabila. Mengi yanaanza na mbuzi, na mpaka wa shamba, na dola 50 ambazo fulani hakurudisha. Lakini mwenye feza ni wa kabila hii, mwenye deni ni wa kabila ile, na mmoja wao ana mtoto wa shangazi aliye na bunduki. Kutoka siku hiyo haiitwi tena deni. Watu wanaanza kusema: "Wale watu."

Kwa hiyo tushuke mpaka chini ya jambo hili. Sheria ya inchi inasema nini juu ya deni? Nani ana haki ya kulidai, na kwa njia gani? Na familia iliyokimbia usiku, ikiacha nyumba, mavuno na wateja, inafanya nini na deni lake?

Tuanze na jambo ambalo wengi hawalijui, na wengine wanalijua lakini wanalificha. Kushindwa kulipa deni si kosa la kumtia mtu katika kasho. Inchi yetu ilikubali mwaka 1976 mapatano ya mataifa juu ya haki za raia na haki za siasa. Kifungu cha 11 cha mapatano hayo kinasema kwamba mtu hafungwi kwa sababu tu ameshindwa kutimiza ahadi ya mkataba. Deni ni jambo la watu wawili; kwa Kifaransa wanasema affaire civile. Kazi ya polisi ni kutafuta makosa: wizi, kupiga, kuua, kubaka. Kukusanya madeni ya watu si kazi yake.

Lakini tunaona nini kila siku? Mwenye kudai anaenda kumuona ofisa, anamuahidia sehemu ya feza, na ofisa anaandika konvokasyo. Ndani ya karatasi hawaandiki neno deni, kwa maana wanajua kwamba deni haliruhusu kufunga. Wanaandika abus de confiance, ao escroquerie. Shikeni vizuri maneno hayo mawili, kwa sababu ndiyo yanayogeuza deni kuwa kosa. Abus de confiance ni pale umempa mtu kitu akilinde ao akipeleke mahali, naye akakifanya chake: nimekupa feza umpelekee mama yangu Bunia, wewe ukazila njiani. Escroquerie ni pale mtu amejivika jina la uongo ao ametumia hila ili utoe mali yako. Hayo ni makosa ya kweli na yanafungisha. Lakini yule aliyekopa dola 100 akasema "nitalipa mwezi wa 6", kisha mabomu yakaanguka na akakimbia bila viatu, huyo hakudanganya mtu. Ana deni, basi.

Ukiitwa na konvokasyo ya namna hiyo, usikimbie. Anayekimbia anaonekana mwizi hata kama si mwizi. Nenda, na usiende peke yako. Chukua mtu mzima mmoja anayeheshimiwa. Sema wazi: "Ndiyo, nina deni la huyu, na karatasi yetu ni hii. Jambo hili ni la tribunal de paix." Wakiandika maneno yako katika procès-verbal, ambayo watu wanaiita PV, omba usomewe yote katika luga unayosikia kabla ya kutia mkono. Kama wameandika neno ambalo hukusema, usitie.

Na kama wamekufunga hata hivyo? Kuna vifungu viwili vya Katiba ya 18 Februari 2006 ambavyo vinafaa kujulikana katika kila nyumba. Kifungu cha 18 kinasema kwamba aliyekamatwa anapaswa kuelezwa palepale sababu yake, katika luga anayosikia. Ana haki ya kujulisha familia yake ao mshauri wake. Na polisi haiwezi kumshika kupita saa 48: saa hizo zikiisha, wanamuachilia ao wanampeleka mbele ya wenye mamlaka ya sheria, maana yake parke. Familia ihesabu saa hizo, iandike siku na saa ndugu yao aliingia ndani. Kifungu cha 17 kinasema kwamba hakuna anayekamatwa kwa tendo la mwingine. Baba akiwa na deni na haonekani, hawana haki ya kumfunga mama. Kijana akikosa, hawafungi baba yake. "Tumeshika bibi yake mpaka atokee": hiyo si sheria, huko ni kuteka mtu.

Jambo jingine, kutoka kasho hakuna bei. Kuna amende ambayo ofisa wa sheria anaweza kupendekeza kwa kosa dogo, wanaita amende transactionnelle, lakini ile ni feza ya sanduku la serikali na ina karatasi yake. Feza inayopita chini ya meza bila karatasi ni ya mfuko wa mtu.

Sasa niseme na wewe mwenye kudai, kwa maana nawe una haki, na watoto wako wana njaa kama wa wengine. Unafikiri kwamba polisi ni njia fupi. Fanya hesabu. Umemlipa ofisa ili aandike. Familia ya mwenye deni imeuza sufuria na magodoro ili atoke. Feza ile ambayo ingekulipa sehemu ya deni lako imeliwa na mtu ambaye hakukukopesha wala hakukopa kwako. Deni limebaki palepale, na sasa mna chuki juu yake. Kwa wewe unayetaka kupitia kwa kijana mwenye silaha, hesabu ni mbaya zaidi. Huyo atachukua ng'ombe, atakupa mguu, na kesho utakuwa na deni kwake yeye. Siku kijiji cha mwenye deni kitakapopata kijana wao mwenye silaha, watakumbuka jina lako, si la yule.

Njia inayofaa inaanza kabla ya deni, siku ya kutoa feza. Inaanza na karatasi. Ninajua, watu wetu wanasikia haya: "Huyu ni ndugu yangu, nitamuandikisha namna gani?" Mimi naona kinyume. Ni kwa sababu ni ndugu yako ndiyo muandikiane, ili siku mmoja wenu akifa ao akikimbia, watoto wasipigane juu ya maneno ambayo hawakuyasikia. Sheria ya mikataba inayotumika kwetu ni ya tangu 30 Julai 1888, na inasema kwamba mapatano yaliyofanywa vizuri ni sheria kwa wale walioyafanya. Si lazima iwe kwa Kifaransa. Swahili ni mojawapo ya luga nne za taifa katika kifungu cha kwanza cha Katiba, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Andikeni luga mnayosikia wote wawili, kwa mfano hivi:

"Mimi fulani, mwenye kukaa mahali fulani, leo tarehe 4 mwezi wa 3 nimepokea kwa fulani dola za Marekani 100 (mia moja). Nitarudisha dola 20 kila mwisho wa mwezi, kwa miezi 5. Kama vita ao ugonjwa unanizuia, nitamjulisha mbele ya washahidi wetu na tutapanga tarehe mpya."

Hesabu iandikwe kwa namba na kwa maneno, ili sifuri isiongezwe usiku. Iandikwe kama ni dola ao faranga, kwa sababu faranga ya leo haina nguvu ya faranga ya mwaka kesho, na magomvi mengi yanatoka hapo. Asiyejua kuandika aweke kidole gumba. Washahidi wawe wawili, mmoja wa kila upande. Na kama ninyi ni wa makabila mawili, shahidi mmoja atoke kila kabila. Fanyeni karatasi mbili zinazofanana, kila mtu na yake. Ukilipa sehemu, iandikwe nyuma ya karatasi zote mbili, na mtie mkono. Ukilipa kwa simu, kwa M-Pesa ao Airtel Money, usifute ujumbe, na mtu akuandikie namba ya ujumbe ule katika daftari, kwa maana simu inapotea. Na siku deni limekwisha, usirudi nyumbani bila karatasi ya mwenye feza, imeandikwa juu yake "imelipwa yote". Wengi wamelipa mara mbili kwa kukosa neno hilo.

Tuseme sasa juu ya faida ya deni. Kuna mikopo ambayo watu wa Congo wanaiita Banque Lambert, ingawa hakuna benki pale, kuna mtu tu na daftari lake. Mama anachukua dola 100 ili aanze kuuza unga wa mihogo. Anaambiwa atoe dola 30 kila mwezi kama faida, na zile 100 azirudishe siku atakapoweza. Miezi 5 imepita: ametoa dola 150, na bado ana deni la dola 100, sawa na siku ya kwanza. Mama huyu hafanyi kazi yake, anafanya kazi ya mwenye daftari. Mjue kwamba sheria ya makosa ya Congo inaazibu mtu anayetumia shida, uzaifu ao ujinga wa mwingine ili aahidiwe faida inayopita kiasi cha kawaida. Kosa hilo linaitwa usure. Basi yule anayekutisha na kasho ndiye angeweza kuulizwa na juji. Sisemi mkimbilie kumshtaki, kwa maana kesho mtamuhitaji tena. Nasema neno hilo litajwe mezani siku mnapopatana, na mara nyingi linashusha hesabu.

Iliyo bora ni kuacha daftari lile. Likilimba ya mabibi wa soko imelisha watoto wengi kuliko mikopo yote niliyoisikia. Kuna pia vikundi vya akiba, vile vinavyoitwa AVEC: wanachama wanaweka kidogo kila juma, sanduku lina kufuli tatu na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti, na mwisho wa mzunguko wanagawana. Zaidi ya akiba, kuna faida nyingine. Kikundi chenye wahamishwa na wenyeji pamoja kinawalazimisha kukutana kila juma na kuhesabiana feza kwa uaminifu. Kwa macho yangu hiyo inafanya kazi kubwa kuliko hotuba, hata hii yangu.

Kisha kuna rehani. Hapa ninaomba msikilize vizuri, kwa maana wahamishwa wanaumia sana hapa. Usitoe rehani kadi yako ya mchaguzi. Kwa wengi wetu kadi hiyo ndiyo kitambulisho. Bila yake hupiti barabarani, huandikishwi kwa msaada, hupokei feza kwa simu. Usitoe rehani jeton ya msaada ya familia. Chakula kile ni cha watoto, hakikuandikwa kwa jina la mwenye daftari.

Na kuna wale wanaosema: "Kama huna feza, unipe binti yako." Hilo si neno la deni tena. Mtoto chini ya miaka 18 haolewi, na hakuna binadamu anayelipa deni kwa mwili wake. Anayechukua msichana namna hiyo anaingia katika sheria za 20 Julai 2006 juu ya makosa ya kubaka, na kwa makosa hayo sheria inakataza amende transactionnelle. Mkubwa yeyote anayekaa kusuluhisha jambo hilo kwa mbuzi mbili, naye ajiulize amekaa upande gani.

Shamba ni jambo refu. Mtu amekimbia kutoka kilima chake, mtoto ni mgonjwa, na jirani aliyebaki ana dola 40. "Nipe shamba." Mmoja anaondoka akisema ametoa rehani, mwingine anabaki akisema amenunua. Miaka 3 inapita, mwenye shamba anarudi, anakuta migomba ya mwingine imeota. Vita imekwisha kwa wengine, na kwa hawa wawili inaanza.

Kwanza jiulize: una haki gani juu ya shamba lile? Sheria ya 20 Julai 1973 inasema kwamba udongo ni wa Serikali, na watu wana haki ya kuutumia. Kifungu cha 34 cha Katiba kinalinda mali iliyopatikana kwa sheria ao kwa mila. Basi mila ina uzito, na wazee wanaijua. Bushi, kwa mfano, mwenye kalinzi alitoa ng'ombe kwa mkubwa wa udongo na shamba linarizishwa watoto wake. Mwenye bwasa amepanga tu shamba kwa kulima mavuno mafupi, hapandi kahawa wala migomba. Mwenye bwasa hawezi kutoa rehani kitu ambacho si chake, na anayempa feza juu ya shamba lile anapoteza feza yake. Kila mahali kuna majina yake, lakini ulizo ni moja: ni la kwako, ao ulipanga?

Pili, kama ni la kwako na shida imekubana kabisa, karatasi iseme neno "rehani" na pia "si mauzo". Itaje mipaka minne na majina ya majirani wa kila mpaka. Itaje feza uliyopokea. Itaje mavuno: jirani atakula mavuno yote, ao mavuno yatapunguza deni? Bila neno hilo, kila mmoja atajibu kwa faida yake. Na itaje kwamba siku utakaporudisha feza, shamba linarudi baada ya mavuno yaliyo ndani kutolewa. Bibi na bwana watie mkono wote wawili. Zamani Code de la famille ya 1 Agosti 1987 ilimuomba bibi ruhusa ya bwana. Tangu sheria ya 15 Julai 2016, ni wote wawili wanaopaswa kusikilizana juu ya mapatano yanayowafunga. Baba, huwezi kuuza kimya shamba ambalo mama analima.

Tuje kwa deni lililobaki nyuma, kule kijijini ao katika muji mliotoka. Wengine wanasema: "Vita imefuta madeni." Hapana, haikufuta. Deni la feza linabaki. Lakini sheria yetu inajua neno force majeure, nguvu isiyozuilika. Aliyechelewa kwa sababu ya vita halipishwi faini ya kuchelewa, na juji akitazama hali ya mwenye deni anaweza kumpa muda wa kulipa polepole. Watu wa Goma wanakumbuka Januari 2025: mabenki yalifunga milango, na hata aliyekuwa na akiba hakuweza kuigusa. Mtu wa namna hiyo hakukataa kulipa. Iliyo muhimu ni asinyamaze. Atume ujumbe, aseme mahali alipo, ahesabu deni, atoe hata dola 5. Mwenye kudai anaweza kuvumilia umaskini. Anachoshindwa kuvumilia ni kimya, kwa maana katika kimya kile anaanza kusikia zarau.

Lakini kuna kitu kingine ambacho watu wanakichanganya na deni. Tuseme ulimuachia jirani ng'ombe 2 azichunge. Watu wenye silaha wakaja, wakazichukua. Leo unamwambia: "Una deni langu la ng'ombe 2," na katika moyo unaongeza: "Wewe ndiye uliwaonyesha njia, kwa maana ni wa kabila lenu." Sheria inasema nini? Aliyepewa kitu akilinde anapaswa kukilinda sawa na mali yake. Kikinyang'anywa kwa nguvu bila kosa lake, halipi. Analipa kama alizembea, ao kama ulikuwa umemuomba zamani akurudishie naye akakataa, na porini wakamkuta bado nazo. Ni juu yake kueleza namna zilivyopotea. Basi barza iulize mambo yanayoonekana: ni siku gani? Nani aliona? Na ng'ombe zake mwenyewe ziko wapi? Kama na zake 6 zilikwenda njia ileile, una jibu lako, hata kama linauma. Kama zake zote ziko zizini na ni zako tu zilizoondoka, ana maulizo ya kujibu. Namna hiyo mnapima mtu mmoja juu ya siku moja, bila kuhukumu kabila zima kwa ng'ombe 2.

Na deni la marehemu? Halimrukii mjane kama mzimu. Madeni yanalipwa kwanza kutoka mali aliyoacha, chini ya yule anayeitwa liquidateur, na kwa kawaida ni mriti mkubwa kwa umri. Mwenye kudai aonyeshe karatasi kwake. Kuingia katika nyumba ya matanga na kubeba godoro la mjane si kudai, ni kunyang'anya. Vilevile shemeji wasitumie deni kama kisingizio cha kumfukuza: sheria inamhesabu mume ao mke aliyebaki kati ya wariti, na inamlinda katika nyumba alimoishi.

Neno fupi juu ya kodi, kwa kuwa wengi wanakopa ili walipe kodi. Kulipa kodi ni wajibu, na bila kodi hakuna barabara. Lakini kifungu cha 174 cha Katiba kinasema hakuna kodi isipokuwa ile iliyowekwa na sheria, na mwaka 2018 sheria moja ilitoa orodha ya kodi za provensi na za komini, sekta na shefferie. Mwenye kukuomba feza, muulize jina la kodi na karatasi. Kwa malipo makubwa kuna note de perception na unalipa benki; kwa meza ya soko kuna tikiti ya siku. Chunga tikiti mpaka jioni, kwa maana wa pili atakuja. Mwenye biashara ndogo awe na patanti yake, ni afazali kuliko kulipa kidogo kidogo kwa kila anayepita. Lakini katika njia, kwenye kamba iliyofungwa na watu wenye bunduki, usitaje kifungu cha Katiba. Toa, pita, rudi kwa watoto. Ukifika salama, andika siku, mahali na kiasi, siku moja itaulizwa.

Ninamaliza na ninyi wakubwa. Mnyumbakumi, mkubwa wa kartie, mzee wa barza, watu wanakuja kwenu kabla ya kwenda mahali pengine, na hiyo ni heshima. Wasikilizeni wote wawili siku moja, mahali pamoja. Usimsikilize mmoja usiku na mwingine asubuhi. Msiombe kuku ya kusikiliza jambo, kwa maana maskini atanyamaza na atatafuta njia nyingine, na mnaijua njia hiyo. Wekeni daftari moja la mapatano, lenye namba za kurasa ili ukurasa usipotee, na kila mapatano yatiwe mkono ndani yake. Mhamishwa aliye na jambo na mwenyeji awe na mzee wa kwao aliyeketi kati ya wazee, ili asikie kwamba luga yake imesikiwa. Na mambo ya damu na ya kubaka msiyaweke katika daftari hilo, yapelekeni parke.

Kama una karatasi ya deni ambayo huielewi, usiichome, usiipasue. Tafuta kijana wa masomo akusomee pole pole, mara mbili, kisha uende nayo kwa barza siku ya posho.

Juma lijalo tutazungumza juu ya karatasi ya kuzaliwa, kwa maana mtoto anapaswa kuandikishwa ndani ya siku 90, na watoto wengi waliozaliwa katika kambi hawajaandikwa popote. Njooni na maulizo yenu.